Hodi Isiyongoja Karibu: Jinsi Programu Zinavyopokea Ishara

Mlio nyuma, sogeeni karibu msikie vizuri, na mwalimu aweke chaki tayari.

Katika somo lililopita tulijifunza ya kwamba kompyuta haina akili yake yenyewe. Inafuata maagizo yaliyoandikwa na mtu, na maagizo hayo tuliyaita programu. Tulijifunza pia ya kwamba juu ya programu zote kuna programu moja kubwa inayotawala nyumba nzima. Ndiyo inayogawa nafasi, inayogawa zamu, na inayolinda mlango. Hiyo tuliiita mfumo endeshi. Leo tutajifunza jinsi mfumo endeshi unavyoipa programu habari ya ghafula, na jinsi programu inavyopaswa kuipokea habari hiyo bila kuharibu kazi iliyo mkononi.

Huenda mmoja wenu akauliza, "Jambo hili linanihusu nini mimi mkulima, au mimi muuza samaki?" Linakuhusu. Siku hizi fedha zako, cheti cha mtoto wako na hesabu za chama cha ushirika aghalabu zimo ndani ya kompyuta. Kompyuta hizo husimamishwa ili zitengenezwe, huzimwa na kuwashwa tena. Programu isiyojua kupokea agizo la kusimama inaweza kuliacha daftari nusu nusu: fedha zimetoka kwa mmoja, na hazijaingia kwa mwingine.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: ishara, kipokezi, msimamizi. Wanafunzi, yasomeni pamoja. Sasa tutayaeleza moja moja.

ISHARA NI NINI?

Kwa desturi yetu mgeni hupiga hodi, akangoja aambiwe karibu. Mwenye nyumba akiwa na kazi, mgeni hukaa barazani mpaka aitwe. Ishara ya kompyuta si mgeni wa namna hiyo. Inapiga hodi na kuingia papo hapo. Programu iwe katikati ya kuhesabu, au katikati ya kuandika, huachishwa kazi pale pale ilipofika, ikaambiwa: kuna habari.

Tena habari hiyo ni fupi sana. Aghalabu ni namba tu. Utaratibu huu ulitoka katika mfumo endeshi uitwao Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds huko Finland, ilifuata utaratibu ule ule. Na Linux ndiyo iliyomo ndani ya kompyuta nyingi za kutunzia habari ulimwenguni, na ndani ya simu za Android. Kwa hiyo ukiwa na simu ya namna hiyo, ishara hizi zinafanya kazi ndani ya mfuko wako.

Mwalimu, andika ubaoni namba tano: 2, 9, 11, 14 na 15.

Namba 2 maana yake ni, "Acha unachofanya." Huletwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, anapobonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi C. Katika vitabu vya kazi hii huandikwa SIGINT.

Namba 15 maana yake ni, "Tafadhali maliza, uondoke." Hii ndiyo amri ya adabu. Huandikwa SIGTERM.

Namba 9 maana yake ni, "Kufa sasa hivi." Huandikwa SIGKILL.

Namba 11 huja wakati programu imegusa mahali pa kumbukumbu pasipo pake, kama mtu aliyevuka mpaka akaanza kulima shamba la jirani.

Namba 14 ni saa iliyotegwa. Programu yenyewe huomba iamshwe baada ya muda fulani, na muda ukifika ishara hulia.

Ishara inapokuja, programu ina njia tatu. Njia ya kwanza ni kuiachia ishara ifanye kazi yake ya kawaida, na kwa hizo namba tano kazi ya kawaida ni kuiua programu. Njia ya pili ni kuipuuza. Njia ya tatu ni kuiwekea kipokezi. Kipokezi ni maagizo machache yaliyoandikwa tayari, yanayosema: ishara namba fulani ikija, fanya hivi. Lakini ziko ishara mbili ambazo haziwezi kupuuzwa wala kuwekewa kipokezi. Moja ni namba 9. Ya pili ni ile inayoisimamisha programu kabisa mpaka iruhusiwe kuendelea. Mfumo endeshi umejiwekea nguvu hizo mbili ili isiwepo programu kaidi isiyoweza kuzuiwa.

HATARI IKO WAPI?

Tumfikirie karani mmoja wa chama cha ushirika. Yuko peke yake ofisini. Anahamisha shilingi 5,000 kutoka ukurasa wa Juma kwenda ukurasa wa Asha. Amekwisha kuandika kwa Juma, "Zimetoka 5,000." Kalamu iko juu ya ukurasa wa Asha. Hapo hapo kengele inalia, naye ni lazima aende. Akiondoka moja kwa moja asirudi, Juma amepoteza na Asha hakupata. Hilo ni kosa la kwanza, nalo ni rahisi kulielewa.

Kosa la pili limejificha zaidi, kwa hiyo sikilizeni kwa makini. Tuseme karani ameingia stoo kuchukua karatasi. Kwa sababu ya usalama, stoo ina kufuli, na desturi ni kwamba anayeingia hulifunga mpaka amalize kuandika hesabu ya alichochukua. Karani yuko katikati ya hesabu hiyo. Kengele inalia, anaambiwa, "Acha hapo hapo, kwanza tekeleza maagizo ya kipokezi." Na maagizo ya kipokezi yanasema, "Nenda stoo ukachukue karatasi." Anafika mlangoni, anakuta kufuli limefungwa. Anangoja lifunguliwe. Lakini mwenye kulifungua ni nani? Ni yeye mwenyewe! Basi atangoja mpaka kesho kutwa, na watu wamejipanga dirishani.

Hivi ndivyo inavyotokea katika kompyuta. Programu inapotaka nafasi ya kuweka maneno yake, hwenda kwenye stoo ya kumbukumbu, na stoo hiyo ina kufuli na daftari lake. Kipokezi kikija katikati kikataka nafasi kutoka stoo ile ile, programu inaweza kuganda. Na pengine haigandi, bali daftari la stoo linaharibika, na mambo yanavurugika baadaye mahali usipotazamia. Ndiyo sababu wataalamu wameweka orodha ya mambo machache ambayo kipokezi kinaruhusiwa kufanya. Kuomba nafasi ya kumbukumbu hakumo katika orodha hiyo. Hata kuchapisha sentensi kwenye kioo kwa njia ya kawaida hakumo.

TUKIO LA MWAKA 2024

Msidhani ya kwamba hatari hii ni ya vitabuni tu. Kuna programu iitwayo OpenSSH. Kazi yake ni kuwaruhusu mafundi kuingia katika kompyuta iliyo mbali, na inatumika ulimwenguni kote. Programu hiyo humpa mgeni muda wa kujitambulisha, aghalabu sekunde 120. Muda ukipita, ishara namba 14 hulia na mgeni hufukuzwa.

Katika matoleo fulani, kipokezi cha namba 14 kiliandika habari katika daftari la matukio wakati ule ule wa ishara. Kuandika huko, kwenye kompyuta nyingi za Linux, kulihitaji stoo ya kumbukumbu. Mnaona sasa hatari ilipokuwa. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kupanga ishara ilie wakati stoo iko katikati ya hesabu, daftari la stoo liharibike kwa namna aitakayo yeye, na mwisho aingie kama bwana mkubwa wa kompyuta nzima bila kujua neno la siri.

Kampuni ya usalama iitwayo Qualys ilitangaza jambo hilo tarehe 1 Julai 2024. Walilijaribu wenyewe kwenye kompyuta za aina ya biti 32, wakaona kwamba kwa wastani yahitajiwa majaribio kama 10,000 ili kupata nukta ile ya wakati. Kwa mtu ni kazi ya kuchosha, lakini mashine haichoki. Kazi hiyo ni ya saa chache tu. Toleo la 9.8 la OpenSSH liliziba ufa huo.

Na hili la kushangaza: ufa huo ulikuwa umekwisha kuzibwa zamani, mwaka 2006. Mwezi wa Oktoba 2020, katika kupanga upya maandishi ya programu, kinga ile iliondolewa bila kukusudia. Wenye kuandika programu hiyo ni mafundi hodari wanaosifiwa kwa uangalifu. Basi tujue ya kwamba kipokezi kinachofanya mengi ni hatari hata mikononi mwa fundi hodari.

MSIMAMIZI ANASAIDIAJE?

Sasa tufike kwenye neno la tatu. Watu wengi wanaoandika programu siku hizi hawaandiki kwa lugha ya mashine. Huandika kwa lugha za programu, kama Python, Java au Go. Kila moja ya lugha hizo huja na programu nyingine inayosimama kati ya maandishi ya mtu na mfumo endeshi. Wataalamu huiita rantaimu. Sisi tutaiita msimamizi. Msimamizi hugawa kazi, hutafuta nafasi, hufagia takataka za kumbukumbu, na ndiye anayepokea ishara kwa niaba yako.

Tuanze na Python, lugha iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Msimamizi wa Python hakubali kipokezi chako kiingie katikati ya kazi yake. Ana kipokezi chake mwenyewe, kidogo sana. Ishara ikija, hicho kidogo hutia alama tu: "Namba 15 imekuja." Kisha hurudi. Msimamizi anamaliza agizo lililo mkononi, daftari za stoo yake zimekaa sawa, kufuli zimefunguliwa. Baina ya agizo na agizo hutazama alama. Akiiona, ndipo huita kipokezi ulichoandika wewe.

Njia hii ina bei yake. Kama agizo lililo mkononi ni refu, tuseme ni kutafuta neno katika maandishi mengi sana, kipokezi chako kitangoja mpaka agizo hilo liishe. Unabonyeza Ctrl na C, na programu haikujibu upesi. Si kwamba haikusikia. Imetia alama, inangoja mahali salama.

Jambo jingine. Programu ikiwa inangoja habari kutoka nje, kwa mfano barua kutoka kompyuta nyingine, ishara inaweza kuukatiza ungojaji huo, na mfumo endeshi ukarudisha jibu la kwamba, "Umekatizwa." Zamani kila mwandishi wa Python alipaswa kukumbuka kungoja tena. Wengi walisahau. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2015, msimamizi mwenyewe huanza kungoja tena, isipokuwa kipokezi chako kimesema vingine.

Katika Go, lugha iliyotangazwa na Google mwaka 2009, msimamizi hugeuza ishara kuwa kama barua na kuitia katika sanduku. Mfanyakazi mmoja wa programu hukaa akingoja sandukuni, akaisoma kwa utaratibu. Lakini msimamizi hangoji nafasi ipatikane. Sanduku likijaa, barua hupotea. Kwa hiyo mwandishi hupaswa kuweka sanduku lenye nafasi.

Na Java hufanya jambo la werevu kwa ile namba 11. Programu ikigusa mahali patupu, msimamizi huishika ishara, hukagua mahali ilipotoka, na mara nyingi huigeuza kuwa kosa la kawaida ambalo mwandishi anaweza kulisahihisha, badala ya programu nzima kufa.

MSIMAMIZI HAMALIZI KAZI YOTE

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanasema, "Msimamizi ananilinda, basi sina kazi." Sivyo. Msimamizi analinda stoo yake. Hesabu zako uzilinde wewe.

Tumrudie karani wetu. Kutoa kwa Juma ni agizo moja. Kumwekea Asha ni agizo jingine. Msimamizi wa Python hutazama alama baina ya agizo na agizo. Mara nyingine atatazama baada ya Juma na kabla ya Asha! Kwake yeye hapo ni mahali salama. Kwa Juma na Asha si mahali salama hata kidogo.

Dawa yake ni kumwiga msimamizi mwenyewe. Kipokezi chako nacho kitie alama tu, kisha kirudi. Kisifunge daftari, kisipeleke barua, kisiite mtu. Halafu programu, kila inapomaliza kazi nzima, yaani imetoa kwa Juma na imekwisha kumwekea Asha, itazame alama. Alama ipo? Basi isipokee kazi mpya, ifunge daftari, iondoke. Mshika mbili moja humponyoka, na kipokezi kinachotaka kufanya kazi ya karani hakitaweza zote mbili.

Kumbukeni pia ya kwamba ishara hizi za kawaida hazihesabiki. Ishara ya namba moja ikija mara tatu kabla haijapokewa, huonekana kama mara moja. Kwa hiyo usitumie ishara kuhesabu magunia. Ukisikia hodi, fungua utazame wote walioko nje, maana huenda si mmoja.

MUDA WA KUAGA

Kompyuta ikitaka kusimamishwa, desturi njema ni kupeleka namba 15 kwanza, kungoja kidogo, na programu ikikaidi, kupeleka namba 9. Kubernetes, ambayo hutumika kusimamia programu nyingi juu ya kompyuta nyingi, hungoja sekunde 30 isipoambiwa vingine. Docker, inayofanya kazi ya jamii hiyo, hungoja kwa kawaida sekunde 10.

Basi sekunde hizo ndizo muda wote wa kuaga. Na hapa lugha hazilingani. Katika Java, namba 15 ikija, msimamizi huendesha kwanza kazi za kufungia ulizoandikisha. Katika Python, usipoweka kipokezi cha namba 15, programu hufa pale pale bila kufunga lolote. Fundi asiyejua tofauti hiyo huacha daftari wazi kila siku programu inapofanyiwa matengenezo, kisha hushangaa hesabu zinapopungua.

Lakini namba 9 haina kuaga, na umeme ukikatika hauagi. Kwa sababu hiyo daftari kubwa za kompyuta zina desturi ya kuandika kwanza pembeni: "Nataka kuhamisha 5,000 kutoka kwa Juma kwenda kwa Asha." Ndipo huandika penyewe. Kompyuta ikifa katikati, ikiamka husoma yale ya pembeni, ikamaliza kazi au ikaifuta yote. Haiachi nusu. Kwa hiyo kipokezi kizuri ni cha siku za kawaida, na daftari la pembeni ni la siku ya msiba. Unahitaji vyote viwili.

MUHTASARI

Tumejifunza mambo manne leo. La kwanza, ishara ni hodi isiyongoja karibu. La pili, kipokezi kitie alama na kurudi. La tatu, msimamizi wa lugha hulinda kazi yake, na wewe ulinde yako. La nne, jiandae kwa namba 15, lakini usisahau ya kwamba namba 9 ipo.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Ishara ya kompyuta inatofautianaje na mgeni anayepiga hodi nyumbani kwako?

2. Kwa nini karani aliyejifungia stoo aliweza kungoja bila mwisho?

3. Ni ishara zipi ambazo programu haiwezi kuzipuuza? Unaona ni vema ziwepo?

4. Programu ya chama chenu imepata namba 15 baada ya kutoa fedha kwa Juma na kabla ya kumwekea Asha. Ifanye nini? Andikeni jibu kwa sentensi tatu.

5. Kila mmoja ataje kazi moja ya nyumbani au ya shambani ambayo si vema kuikatiza katikati, aeleze ni wapi mahali salama pa kuisimamisha.

Swali la tano lifanyeni kwa kuandika, si kwa kusema tu, na mwalimu ayasome majibu mbele ya darasa. Katika somo lijalo tutajifunza jinsi programu mbili zinavyoweza kutumia daftari moja bila kugombana. Mpaka wakati huo, nawatakieni kazi njema na masomo mema. Kwaherini.